Kwa Mvua, Somo Yangu

Somo yangu,
nilizaliwa ukigonga makuti usiku kucha,
mkunga hakusikia hata kilio changu.
Asubuhi wakaniita Mwanamvua,
na baba akasema: huyu hatakufa njaa.

Hebu tuhesabiane.

Mwaka juzi nilitoka Duga hadi Tanga mjini,
barabara ya nane, duka la pembejeo,
nikanunua mfuko wa yurea kwa pesa ya kikoba.
Punje nyeupe, safi kama mchele wa harusi.
Kizibo kimoja cha soda kwa kila shina,
mgongo ukiniuma, nikihesabu:
mia, mia mbili, hadi hesabu ikanipotea.
Usiku ule ule ukaja wewe.
Hukubisha hodi. Siku tatu.

Mchanga wetu huu wa pwani unaujua,
ni kiganja cha mlevi, hakishiki kitu.
Ukaiteremsha mbolea yangu
kupita mizizi, kupita kina cha jembe,
hadi bwawani, magugumaji yakanenepa kwa deni langu.
Mahindi yakasimama manjano, membamba,
kama watoto waliokuja shule bila uji.

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Nimekua nikiamini hivyo.

Kisha akaja Mntambo, bwana shamba wa kata, viatu vimepasuka,
akalitazama lundo la vifuu nyuma ya kinu cha mafuta ya nazi,
akasema: vidole vya mchanga wako ni hivi hapa.

Tukatoboa pipa. Tukachoma vifuu na magunzi,
hewa tumeibana,
moshi mweupe, kisha wa buluu, kisha hakuna moshi,
ndipo tukamwaga maji: chwaaa!
Makaa yakalia yakigongana
kama vikombe vya muuza kahawa.

Shekue, mchuuzi wa mkaa, akasimamisha baiskeli:
"Mwanamvua, wenzio mkaa wanauuza,
wewe unauzika? Na sanda utaushonea?"

Nilicheka. Msimu ule akacheka yeye.
Nilikuwa na haraka, niliyazika makavu,
na makaa yenye njaa hula kabla ya mwenyeji.
Yakanyonya hata kile kidogo ulichoniachia.
Mntambo hakuonekana wiki mbili.
Aibu, au malaria, sikuuliza.

Mbuzi ndio walionifundisha.
Yaliyobaki niliyamwaga bandani, kukausha matope tu,
na asubuhi ya tatu nikaingia, macho hayakuniwasha.
Ile harufu kali ya mkojo, inayopasua pua,
haikuwepo.
Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Harufu haifi. Imekwenda wapi?
Nikaokota kaa moja, nikalivunja:
tundu, tundu, tundu,
nyumba ya vyumba elfu,
na kila chumba kimepata mpangaji.

Basi nikayaacha humo mwezi mzima, yashibe kwanza.
Mgeni aliyeshiba hadokoi chunguni.
Februari nikayazika, yananuka udongo,
pamoja na nusu tu ya vizibo vya mwaka ule.

Somo yangu, jana umekuja tena.
Nilikusikia juu ya bati (ni bati sasa, si makuti)
nikageukia ukutani, nikalala.
Leo alfajiri nimepiga magoti kati ya mistari,
nimefukua kwa kidole.
Mchanga umeshika.
Si sana. Wewe ni mwizi mzoefu,
na kule chini kwenye mteremko umenipiga tena.
Lakini hapa penye weusi, majani yamekolea
kijani cha kukaribia buluu,
na Shekue amepita na baiskeli yake
akitazama upande wa pili wa barabara.

Maji yakimwagika hayazoleki. Sawa.
Nenda nayo, somo, hayo ni yako.
Kilichokuwa ndani ya maji
niachie.